Kapteni Aliyesusiwa

Tarehe 22 Septemba 1880, tarishi wa mahakama aitwaye David Sears alishika njia ya mashamba ya Lough Mask, magharibi ya Ireland, akiwa na hati za kuwafukuza wapangaji na askari polisi 17 wa kumlinda. Nyumba tatu za kwanza zilipokea hati zao. Katika nyumba iliyofuata, mama mmoja, Bi Fitzmorris, alikataa hata kuigusa ile karatasi, kisha akapunga bendera nyekundu kuwaita jirani zake. Wanawake wakatoka mbio kila upande wakiwa wamebeba mawe, matope na samadi. Dakika chache baadaye tarishi wa serikali na askari wake 17 walikuwa wanakimbilia kwenye nyumba ya bwana aliyeomba hati zile, nguo zao zikinuka zizi.

Bwana huyo aliitwa Charles Cunningham Boycott. Siku ile jina lake lilijulikana kwa wapangaji, kwa wenye maduka wa mji jirani wa Ballinrobe na kwa wapenzi wachache wa mbio za farasi. Kabla mwaka haujaisha, magazeti ya London yalikuwa yanaliandika kama kitenzi.

Alizaliwa mwaka 1832 katika kijiji cha Burgh St Peter, mkoa wa Norfolk, Uingereza, mtoto wa kasisi wa Kianglikana. Jina la ukoo liliandikwa Boycatt, mpaka familia ilipobadilisha herufi moja yeye akiwa bado mdogo. Akapelekwa chuo cha kijeshi cha Woolwich, akashindwa mtihani, akatolewa. Enzi hizo cheo cha ofisa kiliuzwa kwa fedha taslimu, na nyumbani kwao wakamnunulia nafasi katika Kikosi cha 39 cha askari wa miguu kwa pauni 450. Kikosi kikapelekwa Ireland. Huko akaugua, akaoa, akauza cheo, akabaki. Ukapteni hakuwahi kuupata. Wenyeji ndio waliomwita Kapteni, na jina likamkaa.

Kwa karibu miaka 20 alilima na kufuga katika kisiwa cha Achill, pwani ya mkoa wa Mayo, mahali penye upepo mkali na udongo haba. Mwaka 1873 akapata nafasi nzuri zaidi bara: akakodi nyumba ya Lough Mask pamoja na shamba lake, kando ya ziwa la jina hilo, na akawa msimamizi wa ekari 1,500 hivi za Lord Erne. Kazi yake ilikuwa kukusanya kodi kwa wakulima wadogo, naye akijikatia asilimia 10. Lord Erne mwenyewe aliishi mbali, kwenye kasri lake la Crom, mkoa wa Fermanagh. Alikuwa na zaidi ya ekari 40,000 nchini Ireland, na za Mayo zilikuwa kipande kidogo tu cha utajiri wake. Huyu ndiye kabaila. Boycott alikuwa nyapara wake, mpangaji kama wale aliowadai, ila mpangaji mwenye nyumba kubwa.

Na unyapara aliupenda. Kuku wa jirani akivuka mpaka, faini. Mtu akisahau kufunga geti, faini. Kuni ambazo watu walizoea kuokota msituni akazipiga marufuku. Hakuua mtu wala hakuchoma nyumba ya mtu, na Ireland ya wakati ule ilikuwa na wasimamizi wabaya kumshinda. Lakini vijisheria vya namna hiyo huingia nyumbani kwa mtu kila siku, na chuki yake hukua polepole kuliko ya kipigo.

Ardhi yenyewe ndiyo ilikuwa kidonda. Sehemu kubwa ya Ireland ilimilikiwa na koo chache, nyingi zenye asili ya Kiingereza na imani ya Kiprotestanti, huku walimaji wakiwa Wakatoliki waliokaa kwa hisani. Mpangaji wa kawaida hakuwa na mkataba wa kumlinda. Akichimba mfereji, akitoa mawe shambani, akijenga zizi, thamani ya shamba ilipanda na kodi ikapanda nayo. Akishindwa kulipa, aliondoka bila fidia. Kati ya 1845 na 1852 ugonjwa wa viazi uliteketeza chakula cha maskini. Watu kama milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli kwenda ng'ambo, wakati nafaka ikiendelea kusafirishwa nje kutoka katika nchi hiyohiyo. Mwanamke wa Mayo aliyekuwa na miaka 45 mwaka 1880 alikuwa ameyaona hayo kwa macho yake. Basi mvua ilipoozesha mazao tena mwishoni mwa miaka ya 1870, hakuna aliyehitaji kuhubiriwa juu ya njaa.

Michael Davitt alikuwa mtoto wa njaa ile. Alizaliwa Straide, Mayo, mwaka 1846. Akiwa na umri wa miaka minne hivi, familia yake ilitupwa nje ya nyumba, ikahamia eneo la viwanda kaskazini mwa Uingereza. Akiwa na miaka 11, mashine ya kiwanda cha pamba ilimpokonya mkono wa kulia. Alipokua akajiunga na harakati za siri, akafungwa miaka saba kwa kesi ya silaha, akatoka gerezani na wazo kwamba Ireland itakombolewa kuanzia shambani. Aprili 1879 alisaidia kuandaa mkutano mkubwa wa wakulima huko Irishtown, Mayo, na Oktoba mwaka huohuo ikaundwa Jumuiya ya Ardhi ya taifa zima. Mwenyekiti wake alikuwa Charles Stewart Parnell, mbunge, Mprotestanti, na kabaila kwa kuzaliwa, mwenye shamba lake mwenyewe mkoani Wicklow. Madai yao yalikuwa matatu: kodi ya haki, uhakika wa kukaa, na mpangaji kuwa huru kuuza haki yake ya ukaazi.

Parnell ndiye aliyeitangaza silaha. Tarehe 19 Septemba 1880, siku tatu kabla ya tarishi kurushiwa samadi, alihutubia umati mjini Ennis. Akawauliza wamfanye nini mtu anayechukua shamba ambalo mwenzake amefukuzwa. Sauti zikapazwa: apigwe risasi! Parnell akasubiri zitulie, akasema ipo njia bora, ya Kikristo zaidi, inayompa mkosaji nafasi ya kutubu. Mpeni kisogo barabarani. Mpeni kisogo dukani, sokoni, mnadani, na hata kanisani. Mwacheni peke yake kama watu wa kale walivyomtenga mwenye ukoma.

Tuone alikuwa anamsema nani. Hakumtaja Lord Erne wala hakumtaja msimamizi wa kodi. Mlengwa wa hotuba ile alikuwa mkulima maskini anayeingia shambani kwa jirani yake aliyefukuzwa, maana bila mtu wa kuingia, kufukuza hakuna faida. Silaha ilichongwa kwa ajili ya kudhibitiana wenyewe kwa wenyewe, na ndani yake ulikuwamo ukatili ambao wasimulizi wengi wa harakati hizi huuruka. Kumtenga jirani kanisani ni jambo zito katika kijiji ambacho kila mtu anajuana na kila mtu.

Mayo ikaigeuza silaha hiyo ielekee juu. Agosti mwaka ule mavuno yalikuwa mabaya, na Lord Erne akakubali kupunguza kodi kwa asilimia 10. Wapangaji wakataka 25. Akakataa, na msimamizi wake akaenda mahakamani kuomba hati 11 za kufukuza watu. Ndizo zilizokuwa mkobani mwa Sears.

Tarehe 23 Septemba Sears alijaribu tena akashindwa, kisha umati ukaenda mpaka Lough Mask. Watumishi wa ndani, vibarua wa shamba, wachunga mifugo na wa mazizi ya farasi wakaambiwa waache kazi. Kabla ya jioni nyumba ilikuwa tupu, wamebaki Boycott, mkewe Annie na jamaa wachache. Mhunzi hakutengeneza tena viatu vya chuma vya farasi wake. Dobi hakufua tena nguo zake. Maduka ya Ballinrobe yakafunga mkono, ikabidi chakula kiletwe kwa mashua kutoka kijiji cha Cong. Mtoto aliyepeleka barua alisimamishwa njiani akatishwa aache. Usiku kufuli za mageti zilivunjwa na mifugo ikasukumwa barabarani. Nje, viazi, tanipu na nafaka vilikuwa tayari kuvunwa, na hapakuwa na mkono hata mmoja wa kuvivuna.

Haikuwa hiari tupu. Baadhi ya vibarua walimwacha tajiri wao kwa moyo mkunjufu, wengine kwa kuogopa macho ya jirani, na vitisho vilikuwapo. Wote walipoteza ujira. Hata hivyo inafaa kukumbuka kulikuwa na njia gani nyingine. Tarehe 25 Septemba, siku tatu tu baada ya tukio la samadi, kabaila mwingine, Lord Mountmorres, aliuawa kwa risasi barabarani karibu na Clonbur, ng'ambo tu ya ziwa. Boycott alilala katika nyumba yake akiwa hai.

Neno lenyewe lilipatikana mezani. Paroko wa The Neale, kijiji cha jirani, alikuwa Padre John O'Malley, mtu mwenye kauli nzito pale na mwenye utani. Siku hizo za Septemba alitembelewa na James Redpath, mwandishi wa Kimarekani aliyekuwa amepigana kwa kalamu dhidi ya utumwa kwao kabla ya kuja kuandika habari za Ireland. Redpath ndiye aliyesimulia baadaye. Walikuwa wanakula, yeye akapunguza kula, padre akamuuliza kuna nini. Akajibu kwamba anasumbuliwa na neno. Kwa mkulima anayenyakua shamba la mwenzake walishazoea kusema ametengwa na jamii, kama mtu aliyetolewa ushirika. Lakini kabaila au msimamizi anapofanyiwa hivyo, litumike neno gani? Lile la Kigiriki la kumfukuza mtu mjini kwa kura halikufaa, kwa kuwa wakulima wasingelielewa. Padre akafikiri kidogo, akagonga paji la uso, akauliza: kwa nini tusiseme kum-Boycott?

Redpath akalibeba neno mpaka kwenye magazeti ya Marekani mwezi Oktoba, na O'Malley akalimwaga mimbarini na sokoni. Mkulima hakuhitaji kufafanuliwa. Alikuwa anamwona Boycott kila siku.

Mwenyewe naye alisaidia kulisambaza bila kukusudia. Tarehe 18 Oktoba gazeti la The Times la London lilichapisha barua yake ndefu. Alieleza kwamba watumishi wamemkimbia, mhunzi na dobi wametishwa, mazao yanakanyagwa, na lengo la Jumuiya ya Ardhi ni kumwangamiza au kumhamisha nchi. Mwandishi Bernard Becker wa Daily News akaenda kujionea, akamkuta bwana mkubwa na mkewe wanachunga kondoo wenyewe huku askari wenye bunduki wakiwalinda. Picha hiyo iliwachoma wasomaji wa Uingereza kuliko takwimu zozote. Huko Ulster, kaskazini ya Ireland, ambako Waprotestanti walikuwa wengi, magazeti yakaanzisha mchango. Ikazungumzwa kwamba mamia ya wanaume wenye silaha wapelekwe Mayo kuvuna kwa nguvu.

Serikali ikashikwa na hofu. Jeshi la raia wa Kiprotestanti likipita katikati ya Mayo ya Wakatoliki lingeweza kuwasha vita. W. E. Forster, waziri aliyesimamia mambo ya Ireland, akaruhusu watu 50 tu. Walitoka mikoa ya Cavan na Monaghan, wengi wao wanachama wa jumuiya ya Kiprotestanti ya Orange, na ili kuwalinda wavunaji hao 50 wakapelekwa karibu askari elfu moja, wa farasi na wa miguu. Walishuka kwenye treni Claremorris tarehe 11 Novemba. Hakuna mwenye gari la farasi aliyekubali kuwabeba, wala wao wala mizigo yao. Wakatembea zaidi ya kilomita 20 mpaka Ballinrobe, mvua ikiwanyeshea njia nzima.

Waliouogopa, yaani umati wenye hasira, hawakuuona. O'Malley alikuwa amewasihi watu wake wabaki majumbani wasilipe jeshi sababu ya kufyatua hata risasi moja. Inasimuliwa kwamba padre alimkuta bibi kizee peke yake njiani wakati majeshi yanapita, akamkaripia kwa sauti ya wazi: si nilikuonya usiwatishe askari wa Malkia? Kama kisa hicho kimetiwa chumvi, kimetiwa na watu waliomjua vizuri padre wao.

Kwa wiki mbili wale 50 wakang'oa viazi na tanipu na kupura nafaka kwenye matope, wakilala kwenye mahema ya jeshi, huku bustani ya Boycott ikigeuka kambi. Mazao yote yalikadiriwa kuwa na thamani ya pauni 500 hivi. Kuyavuna kuligharimu serikali na wafadhili pauni 10,000 au zaidi. Parnell aliwapigia hesabu wasikilizaji wake kwamba kila tanipu moja imeng'olewa kwa shilingi nzima. Serikali ilishinda vita vya tanipu, na kila kabaila mwenye akili akaona kwamba haiwezi kuvipigana mara mbili.

Tarehe 27 Novemba Boycott na familia yake waliondoka Lough Mask chini ya ulinzi wa wapanda farasi wa Kikosi cha 19. Hakuna dereva wa Mayo aliyekubali kuwaendesha, kwa hiyo wakapandishwa kwenye gari la wagonjwa la jeshi, likiendeshwa na askari. Huko Dublin wakapanga katika hoteli ya Hammam, na mara mwenye hoteli akapokea onyo kwamba akiendelea kumkaribisha mgeni huyo, naye atasusiwa. Tarehe 1 Desemba wakapanda meli kwenda Uingereza. Mwaka uliofuata Boycott alipotaka kupumzika kwa rafiki yake huko Virginia, alivuka Atlantiki kwa jina la Charles Cunningham. Waandishi wa habari wa New York wakamtambua vilevile.

Nyuma yake moto ulikuwa umeenea Ireland yote. Mwaka 1881 serikali ya waziri mkuu Gladstone ilipitisha sheria ya ardhi iliyokubali madai yale matatu na kuunda mahakama ya kupanga kodi, huku ikiwatupa gerezani viongozi wa Jumuiya, Parnell akiwamo. Mwaka 1887 sheria nyingine ikafanya kususia kwa kula njama kuwa jinai. Mwaka 1888 Roma nayo ikakemea, na maaskofu wa Ireland wakapata kazi ngumu ya kuwafikishia waumini karipio hilo. Hatua iliyoondoa ukabaila wenyewe ilikuja taratibu, kwa sheria za kuwawezesha wapangaji kununua mashamba, kubwa kuliko zote ikiwa ile ya 1903.

Tendo lenyewe, bila shaka, ni la kale kuliko jina. Mwaka 1791 maelfu ya familia za Uingereza ziliacha kutumia sukari iliyolimwa na watumwa wa visiwa vya Karibi, bila kuwa na kitenzi cha kuita walichokuwa wanafanya. Lakini baada ya Lough Mask, Wafaransa, Wajerumani, Waholanzi, Warusi na Wajapani wote walilichukua jina la yule nyapara na kulinyambua kwa kanuni zao. Waswahili hawakulihitaji sana. Kususa tulikuwa tunakujua.

Na tulikutumia. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ya Zanzibar ilipokipa chama kimoja cha wakulima ukiritimba wa kusafirisha karafuu nje, wafanyabiashara wa Kihindi walisusia biashara hiyo, na chama cha Congress kikawahimiza wananchi wa India, soko kubwa la karafuu, wasinunue. Mwaka uliofuata serikali ililegeza masharti. Tarehe 26 Juni 1959, katika ukumbi wa Holborn jijini London, Julius Nyerere alikuwa miongoni mwa waliohutubia mkutano ulioanzisha kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini, kampeni iliyozaa vuguvugu kubwa la kupinga ubaguzi wa rangi Uingereza.

Nchi yake, Tanzania, ililipa gharama ya kususia mwaka 1976. Mkimbiaji wake Filbert Bayi alikuwa amevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akimwacha nyuma John Walker wa New Zealand. Ulimwengu wa riadha ulisubiri marudiano yao kwenye Olimpiki ya Montreal. Lakini timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na makaburu wa Afrika Kusini, na Kamati ya Olimpiki ikakataa kuifungia nchi hiyo. Tanzania na nchi zaidi ya 20 za Afrika zikasusia michezo. Walker akatwaa dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.2, mwendo ambao Bayi angeukimbia mazoezini. Wale vibarua wa Lough Mask waliokosa ujira wangemwelewa.

Boycott aliidai serikali fidia, ikamnyima. Alirudi Lough Mask mwaka 1881 akajaribu kuendelea, na hata wenyeji walipunguza ukali. Mwaka 1886 akaiacha Mayo na kupata kazi ya usimamizi wa mashamba ya tajiri mwingine huko Flixton, mkoa wa Suffolk. Kazi ileile, ila huko hapakuwa na kesi ya nani mwenye ardhi. Likizo zake aliendelea kuzitumia Ireland. Lord Erne alifariki mwaka 1885, na jina lake halikuingia katika lugha yoyote. Mwaka 1887 likatoka juzuu la kamusi kuu mpya ya Kiingereza lililoishia na maneno yanayoanzia Boz, na ndani yake, kwa herufi ndogo, likiwa na maana na asili yake, lilikuwamo jina la mtu aliyekuwa bado anakusanya kodi Suffolk, na aliyeendelea kuishi miaka kumi zaidi.